Mkwaruzo

Unaniuliza santuri zipi zilinifunza.
Chukua hii, jalada limeliwa na panya:
mjomba Lucius aliipata kwa karata
mwaka ule matanuri ya Pittsburgh yalipozimwa.
Ina mkwaruzo. Saksafoni ikipanda,
sindano huruka, noti nne zinamezwa.
Mimi sikujua. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja,
nikaishika vivyo hivyo, na pengo lake.

Nyingine nilizipenda, ndiyo. Ile ya Kopenhageni,
besi inatembea kama mtu asiyedaiwa.
Na mama na pasi yake, tss, kila pigo la pili.

Nimeshazeeka ndipo nikasikia nakala nzima.
Zile noti nne zilikuwepo, safi, hazina kosa.
Nikaizima.

Usiku huu ukinisikia naruka pale, Deshawn,
usinifuate. Wala usinisahihishe.