Usinizibie Pengo

Jumatano, saa kumi na robo jioni, Jena,
ghorofa ya nne, kipasha-joto kinakohoa bila kupasha.
Profesa Roswitha Kienzle ameingia na pengo:
jino la juu, la mbele, limeng'oka juzi kwa mkate mkavu.
Kila atamkapo "si", upepo unamponyoka,
na neno linakuwa refu kuliko alivyokusudia.

Mimi ni msikilizaji tu. Sifanyi mtihani.
Miaka thelathini na mmoja niliendesha tramu
kati ya Zwätzen na Lobeda;
wastaafu huruhusiwa kukaa nyuma
kwa ada ndogo na kimya kikubwa.

Anasema: zama zetu zinaiogopa hapana.
Kila kitu kidole gumba juu, kila kovu lipakwe poda,
mgonjwa aambiwe "waza mazuri",
aliyeachishwa kazi aambiwe "hiyo ni fursa".
Chuo chenyewe kimetuletea fomu:
Umeridhika? Umeridhika sana? Umeridhika mno?
Thorben wa mstari wa mbele anauliza
kisanduku cha hapana kiko wapi.
Profesa anacheka. Pengo linacheka kabla yake.

Basi nami, mzee wa nyuma, nikanyoosha mkono.
Nikaeleza habari za reli:
zamani fundi aliacha mwanya kati ya chuma na chuma,
upana wa ukucha,
ili jua la Julai likikitanua chuma kipate pa kwendea;
pasipo na reli ndipo palipoiokoa reli,
na ule mlio, ta-tak, ta-tak, uliolaza watoto wa watu,
ulikuwa mlio wa kitu kisichokuwepo.
Darasa likaguna kwa kupendezwa. Ilka akaandika.
Nikajiona nimefaulu mtihani nisioufanya.

Profesa akatikisa kichwa.
"Vizuri sana, Bwana Oehlschlegel, na hilo ndilo kosa.
Umeupa mwanya kazi.
Umeuvisha sare, umeuandikia mshahara.
Hapana yenye faida ni ndiyo iliyochelewa.
Ipo nyingine, isiyorudi na chochote mkononi.
Hiyo ndiyo ninayoitafuta, na sijui nitaifundishaje,
maana nikishaifundisha, tayari imefaa."
Ulimi wake ukalizuru pengo, ukarudi.
"Kaka yangu Eckart hutengeneza meno kule Apolda.
Amenipigia simu mara tatu: njoo nikuzibe.
Nimemwambia, usinizibie pengo.
Sijamaliza kuligusa."

Nilikasirika, niseme kweli.
Ni rahisi kulitukuza pengo ukiwa na kaka fundi meno.

Nikashuka ngazi, nikapanda tramu kama abiria.
Reli za siku hizi zimechomelewa, hazisemi kitu.
Mlangoni jirani mpya, Pfannschmidt, kashika kifurushi:
"Bibi Irmhild yupo?"
Nikasema: hajarudi.
Neno likasimama kidogo pale kwenye zulia la mlango,
limevaa koti, kama mtu anayengojewa chakula.
Nikalirekebisha: harudi.
Akainamisha macho. "Angalau amepumzika."
Angalau!
Nilitamani kuibana angalau yake kwa mlango.

Kifurushi kina glavu za bustani, saizi yake,
alizoagiza mwezi Machi; duka limechelewa miezi mitano.
Nimeziweka mezani. Hazinitoshi, na sikujaribu.
Hayupo, nikajiambia kwa sauti, ha-yu-po,
nikasikia yupo amejikunyata ndani ya neno,
nikaanza kufarijika,
nikakumbuka kile kichwa kikitikisika.
La. Hata hilo.

Fomu iko hapa, karibu na glavu, haijajazwa.
Jumatano nitairudisha hivyo hivyo,
na asije mtu akaniambia kwamba utupu nao ni jibu.