Laiti

Mama wa ofisini alitoka Mtumba,
Mtumba ya wizara, si mitumba ninayoibana viuno kila siku,
akasimama kibandani kwangu, Majengo, nyuma ya soko,
akaagiza kwa Kiingereza, simu sikioni:
koti, buluu, laiti.
Nikaandika hivyo hivyo daftarini.
Laiti nini? Hakumaliza.
Nilidhani kuna jambo analijutia.

Nikanunua kitambaa chepesi, buluu ya usiku.
Kumbe alitaka buluu ya asubuhi,
na kizito, chenye bitana, maana Julai ya Dodoma unaijua,
upepo wake hauulizi cheo.
Koti likabaki kwenye hanga,
na elfu thelathini na tano zangu mfukoni mwake.

Ndipo nikaanza masomo ya jioni kwa Mwalimu Chilingo.

Kwetu kivumishi hupimwa kwanza.
Kiti kirefu, viti virefu, mtu mrefu,
ukuta mrefu, kuta ndefu,
hapo kwenye ndefu mkasi hukwama kidogo, kisha hupita.
Kila nomino na sare yake,
na kivumishi kinakuja nyuma, kimeshika upindo wa kanga.
Cha Kiingereza hakishonwi. Kimetoka kiwandani, saizi moja:
bigi mtu, bigi watu, bigi ng'ombe, bigi deni.
Tena kinatangulia! Umeshaambiwa ni kubwa
na hujajua bado ni nini.
Mzee Madeha, mlinzi wa usiku, akauliza toka dawati la nyuma:
"Kwa hiyo nipige kelele mrefu, mwembamba, mwenye mbio,
ndipo nifike kwenye mwizi?
Si atakuwa keshafika Kizota?"
Darasa likaangua kicheko, chaki ikamvunjikia mwalimu mkononi.

Nami nikatoa laiti yangu.
Akaiandika mara nne ubaoni, herufi zile zile:
hapa ni taa,
hapa ni washa,
hapa ni wepesi wa unyoya,
hapa ni rangi iliyopauka.
Nguo moja harusini, msibani, shambani na kitandani!
Kwetu ningeishtukia kwa pindo tu:
koti jepesi, kitambaa chepesi, moyo mwepesi.
"Sasa hii nitaijuaje?"
"Angalia imekaa wapi," akasema, "na jirani yake ni nani."
Nikatikisa kichwa. Ndivyo tunavyojuana Majengo.

Usiku nimerudi, LUKU imekata.
Nyemo yumo gizani na daftari lake.
"Mama," anasema, "laiti..."

Nimesimama, mkono kwenye kitasa,
nangoja neno la pili lifike.