Mbuzi ya Nizwa

Ijumaa, saa tatu asubuhi, Nizwa imejaa mbuzi.
Wanazungushwa kwa kamba mbele ya wanunuzi,
wanalia, wanakojoa, wanafunuliwa midomo wahesabiwe meno,
na sisi tunawapita pembeni, mama mkubwa na mimi,
kainua pindo la abaya kama anayevuka kijito,
tukiwahi makumbusho kabla hayajafungwa kwa swala.

Mimi ndiye niliyemtoa Maskati kwa basi.
Nilitaka auone mji ninaosomea,
mji ambao, nilimwambia, watoto wake wa zamani
walifundishwa sarufi kabla ya kuota magego.
Akasema, "Ndiyo maana hawacheki."

Kiingilio riyali moja, wanafunzi nusu.
Mama mkubwa Thuweba akauliza wajane wanalipa ngapi.
Kijana wa mlangoni, Muhannad,
akawatafuta wajane kwenye orodha ya bei, hakuwaona,
akatukatia nusu sote wawili.

Majambia yamelala ubavu.
Birika za kahawa zina midomo mirefu, ya wambea.
Mlango wa nakshi umesimama bila nyumba.
Alivipita vyote kama mtu apitaye
barazani kwa jirani waliyegombana.

Chumba cha tatu kiliitwa Chumba cha Elimu:
kalamu za mwanzi, vidau vya wino, miwani ya marehemu fulani,
na katikati, juu ya kitambaa cha kijani, chini ya taa yake peke yake,
mbao mbili zilizopishana kama miguu ya aliyechutama,
na kitabu kimefunuliwa juu yake.
Nikamsomea lebo:
*Marufaa. Mti. Msomi wake hajulikani.*

Akainama mpaka miwani ikagonga kioo.
Akanena kwa lugha ambayo nyumbani kwetu
hutolewa siku za hasira na siku za kupika:
"Unaliona tundu hilo, hapo kwenye ncha?
Hapo pana ulimi wa chuma, wenye meno.
Wamemng'oa.
Hii mbuzi, mwanangu. Mbuzi ya nazi."

Akacheka. Akacheka akashika ukuta,
Muhannad akaja mbio akidhani analia,
na alipofika alikuwa kweli analia.

Nikajaribu kumfahamisha kijana, kwa Kiarabu:
hiki hukaliwa, hakisomewi;
mtu hushika kifuu kwa mikono miwili,
nazi ikaanguka sahanini, nyeupe.
Jina lake mbuzi.
"Kama wale wa nje?"
Kama wale, lakini si wale. Kwetu aliaye ni mbuzi *wa*,
ikunayo ni mbuzi *ya*; silabi moja ndiyo ua baina yao.
Kiarabu changu hakikuwa na ua huo.
Mbuzi wakachanganyika.

"Mama alikuwa na hii, au ndugu yake," akasema bibi huyu
ambaye miaka yote hakunisimulia Unguja.
"Kila alasiri, Mkunazini, juu ya hii.
Hakujua alifu wala be.
Lakini hapo ndipo alipopata habari zote:
nani kaposwa, nani kafilisika, nani anapanga kusafiri usiku.
Msomi wake anajulikana."
Akalitaja jina. Sikuwahi kulisikia.

Kwenye daftari la wageni,
chini ya familia iliyosifu usafi wa vyoo,
aliandika kwa hati ya shule, akikandamiza kalamu:
*Hii si marufaa. Hii mbuzi.
Ulimi wake mmeuweka wapi?*

Nilirudi baada ya mitihani, peke yangu.
Taa ileile. Kitabu hakipo.
Lebo imebanduliwa, gundi yake ingali inang'aa kiooni,
mpya haijaja; labda bado wanatafuta neno.
Muhannad akanisogelea, akatazama huku na huku
kama anayetaka kuniuzia kitu cha wizi.
"Mbuzi," akasema, *b* imemlemea mdomoni,
na mikono yake miwili, iliyofumbata kitu kisichokuwapo,
ikawa inakuna hewa.