Nyuki Kooni

Nyendo, kidato cha pili, saa nane mchana.
Bati linaalika kwa joto.
Nimewaambia: wekeni vidole kooni, mseme sss,
kisha mseme zzz.
Darasa zima likageuka mzinga.
"Mwalimu, humu ndani mna nyuki!"
Ni Ssekibuule, amejikaba shingo
kama aliyekamatwa na mgambo sokoni.
Kitabu kinasema nyuzi za sauti,
kinasema ghuna na sighuna.
Leo andikeni nyuki.

Tukapanda mdomoni kama wapangaji wapya
wanaokagua nyumba: huu ufizi, hili kaakaa gumu,
kule nyuma laini, usiguse sana, utatapika.
P hupasuka midomoni. K hupasuka gizani.
M hupitia puani, na ndiyo sababu
mwenye mafua hukuita "baba"
hata kama wewe ni mama yake.

Kisha Nabbosa akasimama kusoma:
"Wazee wamekwenda kupiga kula."
Aliyecheka ni Odeke peke yake,
mtoto wa polisi aliyehamishwa kutoka Kumi.
Wengine hawakusikia cha kuchekwa.
Sikio nalo lina mipaka,
halivuki mto ambao ulimi haukuvuka.

Nikawaambia: kwetu Buganda, l na r
ni mtu mmoja mwenye kanzu mbili.
Akitoka kwa i au kwa e, huvaa ya kimadende,
akitoka kwingine, huvaa ya kitambaza,
na hakuna anayemuuliza kwa nini amebadilisha.
Kwa Mswahili hao ni majirani wawili wasiosalimiana.
Ukibisha kwa mmoja, mwenzake hakufungulii.
Nikaandika ubaoni: FONIMU.
Nikaandika chini yake: kura, kula.
"Lakini Mwalimu," akasema Ssekibuule,
"wakati wa kampeni, wakileta sukari na sabuni,
si ni neno moja?"
Nilipaswa kumsahihisha.

Badala yake nikawapa jozi ya nyumbani,
ambayo Odeke hataisikia:
okuta, kuachilia.
Okutta, kuua.
T ni ile ile, mahali ni pale pale, nyuma ya meno.
Ila katika la pili ulimi haubanduki upesi,
unang'ang'ania ufizi, na pumzi
inasubiri nyuma yake kama watu mlangoni.
Urefu wake? Kupepesa jicho. Haufiki hata hapo.

Sikupanga kuwasimulia habari za babu.
Kizuizi cha barabara, mwaka wa vita, gunia la kahawa
limepasuliwa kutafutwa bunduki ambayo haikuwamo.
Mkubwa wao, mdomoni ana kipande cha muwa,
akasema neno moja kumhusu babu.
Aliyeshika mtutu alitoka mbali,
Kiganda alikuwa bado anakiokota njiani.
Akauliza: "Afande, umesema nini?"
Yule akatema makapi kwanza.
Babu alituambia hakuutazama mtutu,
aliutazama mdomo.
"Mute," akasema mkubwa. Ulimi ukagusa, ukaondoka.
Mwachilie.
Babu yangu akaishi miaka ishirini na sita zaidi
ndani ya t moja fupi.
Akazeeka humo, akaoza meno humo,
akamzaa humo mama yangu mdogo, kitinda mimba.

Odeke alikuwa ameacha kucheka.
Midomo yake ilikuwa inafanya kazi kimya kimya,
mute, mutte, mute,
kama mtu anayejaribu funguo.

Nabbosa bado alikuwa na r yake. Ncha ya ulimi juu,
legeza, sasa puliza. Ikatoka l. Ikatoka mate.
Kisha pikipiki ikapita nje ikipanda kwenda Masaka mjini,
akaifuatisha, krrrr, kurrra,
na akaziba mdomo kwa mikono miwili
kana kwamba ameiba kitu.
Tukampigia makofi.
Akakaa. Akainua mkono tena.

"Mwalimu, na yule mkubwa,
kama angekuwa na kigugumizi?"

Kengele ikalia.
Hakuna aliyefunga daftari.