Saa Zako

Kikombe cha kwanza kilizaliwa na kiuno kilichopinda,
mshikio wake kama sikio la mtu aliyekatazwa kusikiliza.
Leelo alicheka, akaninywesha chai humo.
Ilikuwa Alhamisi, theluji imefika dirisha la chini,
na mimi, dereva wa basi la Viljandi, nina zamu ya alfajiri,
nilidhani ni homa ya majira ya baridi. Itapita.

Haikupita.
Vikombe vilikaa juu ya friji, chini ya kitanda,
ndani ya jiko la kuokea mikate
(siku moja niliwasha bila kuangalia; tusiliongelee hilo).
Dada yake, Helme, akapewa sita. Jirani akapewa.
Daktari wa meno akapewa.
Kila mmoja alisema, "Una mikono ya baraka, wewe,"
akaondoka na baraka hizo kapuni.

Kisha mwenye mkahawa wa kando ya ziwa
akaagiza arobaini.
"Bei gani?"
Leelo akatazama dari kana kwamba imeandikwa huko.
"Euro nane?"
Sauti ya mtu anayeomba radhi.
Usiku wa malipo tulikula samaki wa moshi,
tukajiona matajiri.

Mwezi wa tatu akaja Bi Vaike, mhasibu mstaafu,
jozi mbili za miwani: moja machoni, moja utosini.
Aliomba risiti. Akaletewa kopo la biskuti.
Akalimwaga mezani, akachambua kama mchele:
udongo, rangi, umeme wa tanuri,
vitano vilivyopasuka, magazeti ya kufungia.
(Magazeti yalikuwa yangu, sikuwa nimemaliza kuyasoma.)

"Na saa zako?"
"Saa gani?"
"Ulizokaa pale."
"Aa, zile. Zile ni raha tu."
Bi Vaike akabadilisha miwani.
"Raha nayo hula mchana wa mtu. Andika."

Wakaandika.
Ikaonekana kwamba kwa kila kikombe
tulimlipa mwenye mkahawa euro moja na senti ishirini
ili akubali kukichukua.

Mali bila daftari hupotea bila habari;
yetu ilipotea huku ikisifiwa.

Usiku ule Leelo hakugusa gurudumu.
Asubuhi alisajili kampuni, akafungua akaunti
isiyojua bei ya viazi vyetu wala karo ya mtoto,
kisha akasimama mbele ya kioo cha bafuni:
"Kumi na sita."
"Kumi na sita."
Mara ya tisa ndipo alama ya kuuliza ilipodondoka.

Mwenye mkahawa alijikuna shingo, akachukua ishirini.
Ishirini zile zilitulisha kuliko arobaini.
Helme alitaka cha zawadi, akakabidhiwa ankara.
Alinuna hadi Pasaka, akalipa,
na tangu hapo, nimeona kwa macho yangu,
hakitumii tena kunyweshea paka.

Sisemi kila kitu kimekuwa asali.
Zamani alikuwa akiimba kwenye gurudumu.
Siku hizi huitazama saa ya ukutani,
na ninapopita huinua kidole: subiri, nahesabu.
Jumatano jioni tu hufunga daftari,
akafinyanga vitu visivyo na mteja:
bata bila miguu, bakuli la ukubwa wa kifuniko cha chupa.
Mlango huwa umefungwa. Nasikia, mara moja moja, wimbo.

Ijumaa iliyopita alinipa bahasha.
Urmas. Kubeba udongo. Saa mbili.
Na pesa ndani.
"Mimi ni mumeo," nikasema.
"Saini hapa," akasema.

Nikatia saini. Na kwa kuwa daftari lilikuwa wazi
nililifunua nyuma, nyuma kabisa, ukurasa wa kwanza,
kwa mwandiko wake wa haraka:
Kikombe kimoja. Kimepinda. Anacho Urmas.
Saa: hazikuhesabiwa.