N

Barua ya pensheni ilikwama mstari wa kwanza.
Niliandika *Mimi n*
na kompyuta ikaendelea peke yake
nnnnnnnnnnnnnnnnn
hadi ukurasa wa pili, wa tatu,
kama mwenye kigugumizi aliyenishika shati.

Nikafuta. Ikarudi.
Kishale nacho hakitulii: nakielekeza huku,
chenyewe chakimbilia pembeni
kila mjukuu wangu Famau akipanda ngazi.

Nimelea watoto sita katika nyumba hii ya Mkomani,
siogopi kitu chenye waya.
Nikaipindua kibodi juu ya sinia, nikaipiga mgongo
kama mtoto aliyepaliwa.
Zikatoka ufuta, mchanga, makombo ya mkate wa mofa,
ukucha, wa nani sijui.
Nikasugua kila herufi kwa pamba na spiriti,
maana hapa Lamu chumvi hula hata kitasa cha mlango,
plastiki itaiachaje?
Kipanya nikakitoa juu ya meza ya kioo
(nilisikia kioo hukipumbaza jicho)
nikakipa daftari la hesabu, likawa uwanja wake.
Nikazima. Nikahesabu mpaka thelathini. Nikawasha.
nnnnnnnn

Fundi Lali akaja na mkoba kutoka Langoni,
akanywa kahawa vikombe vitatu, akasema ni virusi,
akataka elfu moja na mia tano.
Bi Rukiya, jirani, akaninong'onezea dirishani
kwamba nyumba yataka ubani.
Nikafukiza. Ubani haudhuru.
Kompyuta ikanukia vizuri, ikaandika n.

Ndipo nikafanya ambalo fundi hakulifanya:
nikauchomoa waya wa kibodi,
nikaipeleka kibodi kitandani, mbali,
mikono yangu nikaikalia.
Skrini ikasema
nnnn

Mwili ulinisisimka, sikatai.
Lakini nilisomesha hesabu miaka ishirini na minane:
kama si hii, basi ni nyingine.
Nikaingiza mkono nyuma ya mashine, penye vumbi,
nikapapasa kidude kidogo, punje ya hindi,
kimeganda pale tangu enzi za Shekuwe.
Kilikuwa kinasikiliza.

Nikamwambia Famau, "Keti hapo, tazama, nipigie kelele."
Nikazunguka nyumba, nagusa, nainua, nasukuma.
Jikoni: "Ingali!"
Sebuleni, mito yote: "Ingali!"
Kwenye sanduku chini ya ngazi,
nilipoinua vikoi vyake vinne:
"Bibi! Imenyamaa!"

Chini kabisa, nilikoiweka mwenyewe siku ya arubaini,
kibodi yake isiyo na waya, kipanya chake ubavuni,
taa ya kijani ingali hai.
Sikuizima wakati ule. Nani huzima vitu siku kama ile?
Na juzi, nikitafuta cheti chake cha kifo
kwa ajili ya barua hiyo hiyo,
nilivuruga mpangilio: mkanda wake wa ngozi ukateleza,
bizimu ikakaa juu ya herufi moja.

N.
Nipe. Naja. Nimechoka. Niletee miwani.
Kila alipojitaja alianzia hapo.

Niliketi kwenye kipandio cha ngazi,
nikairudisha bizimu pale pale, kidogo tu.
"Imeanza tena, bibi!"
Ngoja, nikamwambia. Ngoja kwanza.

Kisha nikazitoa betri mbili, nikazitia katika tochi.
Nikapanda, nikachomeka waya, nikaandika kwa vidole vyangu
*Mimi ni mjane wa marehemu Shekuwe Bakoa,
aliyekuwa karani wa bandari, faili namba*
na umeme ukakatika.

Sikuwa nimehifadhi.
Tochi iliwaka mara ya kwanza.