Kisanduku cha Ylva

Saa kumi na mbili asubuhi, Narvik, giza halijabanduka,
theluji imepanda hadi kizingiti cha dirisha.
Gaute anakata mkate mweusi,
vipande vyembamba, maana vinene "vinakwaruza".
Siagi ifike ukingoni.
Jibini ya kahawia, sawa; ya njano, marufuku
tangu Jumanne ile iliponuka soksi.
Tango lisigusane na kitu.
Karoti zilikubaliwa Septemba,
Oktoba zikafutwa bila maelezo.

Mchagua nazi hupata koroma, twasema sisi.
Lakini Narvik hakuna minazi
na Ylva ana miaka sita.

Jioni kisanduku hurudi na uzito wake wote.
Baba huutafuna ule mkate mkavu akiwa amesimama,
koti bado mwilini.

Leo kimerudi kitupu.
"Nilibadilishana na Sindre.
Yeye alikuwa na samaki wa kopo, wa nyanya."
Samaki yule yule
aliyekataliwa mezani miaka miwili, kwa machozi!

Gaute hakusema neno.
Alivaa viatu, akawahi duka kabla halijafungwa.

Asubuhi Ylva akafunua, akanusa,
akafunika taratibu.
"Huyu," alisema, "si wa Sindre."